Kadi Nyeupe Chini ya Theluji

Jumanne ya tarehe kumi na tisa Januari ndiyo siku mambo yalipoharibika.

Asubuhi ilianza kama asubuhi nyingine. Tak Manbok alipasha supu ya maharage, akaila na kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, huku amesimama jikoni. Tangu mkewe Okja afariki mwezi wa kumi, hakuona sababu ya kukaa mezani. Alikwenda sokoni na gari, akarudi, akaegesha pale anapoegesha siku zote. Kabla ya saa sita theluji ilianza kuanguka. Ilifunika gari lake lote, kioo cha mbele na kila kitu.

Manbok alikuwa akiegesha kwenye nafasi ya buluu, karibu kabisa na mlango wa jengo. Nafasi za namna hiyo zilikuwa mbili tu. Chini palichorwa mtu kwenye kiti cha magurudumu, na pembeni zilikuwa na mistari ya mshazari. Hizo ni nafasi za watu wenye ulemavu wa kutembea.

Manbok hakuwa na ulemavu. Alikuwa fundi wa mabasi aliyestaafu, mwenye magoti mazima na mgongo mzima. Kadi iliyokuwa kwenye kioo cha gari lake ilikuwa ya Okja.

Jengo lenyewe lilikuwa la zamani. Lilijengwa wakati gari lilikuwa mali ya daktari na mkurugenzi. Siku hizi kila mlango una gari, wengine mawili, lakini wakubwa wanaopanga miji hawakurudi kupanga tena. Kwa hiyo wakazi walijipangia wenyewe. Ukikosa nafasi, unaegesha nyuma ya gari la mwenzako, unaliziba kabisa. Ila unaacha gia huru, na breki ya mkono hufungi. Mwenzako akitaka kutoka, analisukuma gari lako pembeni kwa mikono, anakwenda zake. Mtaa mzima uliishi hivyo. Mlinzi wa jengo, Bwana Ha, alikuwa akisukuma magari ya watu tangu asubuhi hadi jioni.

Mchana ule Manbok alikuwa amekaa sakafuni, sakafu inayopashwa moto kwa chini ina joto zuri, mara simu ya ndani ikalia. Ni Ha, kutoka kibanda cha ulinzi.

"Kaka Tak, samahani. Ni kuhusu gari lako."

"Limefanya nini? Limeuma mtu?"

"Hapana, kaka. Ni yule dada wa ghorofa ya tatu, Yeom Sukhi, aliyehamia mwezi uliopita. Yule wa kiti cha magurudumu. Amerudi kutoka hospitali kusafishwa damu, amechoka hoi. Anaomba umpishe. Nafasi ya pili ina gari la mwenyekiti wa wakazi."

Manbok alichungulia dirishani. Kwake ni ghorofa ya pili. Aliona gari dogo jekundu limesimama kwenye theluji, taa zake zinawaka na kuzimika.

Alifikiri juu ya kuvaa viatu. Alifikiri juu ya baridi. Halafu akafikiri juu ya ofisi ya mtaa, na damu ikamchemka.

Okja alipopata kiharusi, Manbok aliomba kadi ya maegesho. Wakamwambia alete cheti. Akaleta. Wakamwambia cheti hicho siyo, alete kingine. Akaleta. Wakamwambia asubiri. Alisubiri huku akimbeba mkewe mgongoni kutoka barabarani, mvua inawanyeshea, watu wanatazama. Kadi ilipotoka, Okja aliitumia majira mawili tu, akafa. Jina lake walilifuta kwenye posho upesi sana, hapo hawakuomba cheti cha pili. Lakini kadi hakuna aliyekuja kuichukua. Basi Manbok akasema moyoni: wananidai nini hawa? Wao ndio wananidai mimi.

"Kaka Tak, upo?" Ha aliuliza.

"Mwambie mimi pia ni mlemavu. Mwambie kadi ninayo."

Ha ndiye aliyesaidia kumshusha Okja hadi kwenye gari la wagonjwa. Alijua kila kitu.

"Kaka..."

"Mwambie hivyo hivyo."

Ha hakubishana. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Mkazi mmoja akimlalamikia, ofisi ya usimamizi inamtafuta mlinzi mwingine.

Kutoka dirishani Manbok aliona yote. Aliona Ha akiinama kwenye kioo cha gari jekundu. Aliona yule mwanamke akitikisa kichwa, kisha akiinamisha kichwa kuelekea jengo, kama mtu anayeomba radhi. Alikuwa akimwomba radhi yeye.

Mara Ha akaitwa upande wa pili, kuna mtu ameshindwa kusukuma gari. Sukhi akaendesha hadi mwisho wa njia. Akasimama nyuma ya magari mengine, kama wanavyofanya watu wote. Alijua sheria ya mtaa ni gia huru. Na alijua kwamba akishahamia kwenye kiti chake, mkono wake hautafika tena kwenye gia. Kwa hiyo akaweka gia huru kwanza, akiwa bado ndani. Akafungua mlango. Akatoa kiti, akakikunjua kwenye theluji. Akashika mlango wa gari kwa mkono mmoja ili ajivute nje.

Pale njia ina mteremko kidogo. Mtu anayetembea haujui. Gari lilisogea shibri moja tu. Kiti nacho kikateleza.

Manbok alimwona akianguka. Hakusikia sauti, kioo kilikuwa kimefungwa.

Alishuka ngazi mbio na malapa miguuni. Alipofika mlangoni aliona watu wameshajaa, na Ha amepiga magoti chini. Hapo ndipo alipokumbuka alichosema kwenye simu. Miguu yake yenyewe ikabadilika. Akaanza kuchechemea.

Sukhi alikuwa amelala ubavu, ameukumbatia mkono wake wa kulia. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi. Alimwona mzee anayekuja akiburuta mguu.

"Ni wewe baba wa ghorofa ya pili?" alisema kwa shida. "Samahani nimekusumbua. Usikimbie, baba. Utaanguka na wewe."

Ha alimtazama Manbok usoni, kisha akamtazama mguu, kisha akageuka kutazama theluji.

*

Kesho yake jioni kengele ya mlango ililia. Manbok alichungulia kwenye tundu la mlango. Ni Sukhi kwenye kiti chake, mkono umefungwa plasta. Nyuma yake alisimama mumewe, Jo Pilho, dereva wa gari la mizigo. Pilho alichuchumaa akayafuta magurudumu kwa kitambaa, moja moja, ili yasichafue sakafu ya watu.

"Shikamoo, baba," Sukhi alisema. "Tumekuja kukuomba radhi. Hizi chenza ni za kwetu, tamu."

"Marahaba. Karibuni."

Manbok aliwatangulia ndani akichechemea, mguu wa kushoto. Nyumba yake mwenyewe ikawa ndefu kama uwanja. Alimimina chai ya shayiri, ikamwagika kidogo.

Pilho hakugusa chai. "Mzee, mguu wako una nini hasa?"

"Ni... zamani. Basi liliniangukia, gereji."

"Basi zima?"

"Pilho!" Sukhi alimkemea. "Acha maswali ya polisi." Akamgeukia Manbok. "Msamehe, baba. Ana hasira tangu jana. Anaona kila mtu mwongo."

"Mimi nimeuliza tu. Juzi nilimwona mzee anapanda ngazi na gunia la mchele begani."

Sukhi ndiye aliyemjibu mumewe.

"Na mimi nakwambia kila siku, ulemavu hausomwi kwa macho. Kuna mtu mapafu yake yameoza. Leo anabeba gunia, kesho hatua chache tu zinammaliza. Kuna wa moyo. Hao nao wanapewa kadi, ni haki yao. Ukianza kumzomea kila anayetembea, utaumiza wagonjwa wa kweli."

Sukhi alijua anachosema. Kazi yake ilikuwa kujibu simu kwenye kituo cha haki za watu wenye ulemavu. Aliongea taratibu, kama anayezungumza na mtu wa kwao.

"Wewe baba unaelewa. Watu wanafikiri nafasi ile tumepewa ili tuwe karibu na mlango, kama upendeleo. Siyo ukaribu, ni upana. Ile mistari ya mshazari ndiyo mlango wangu. Bila ile mistari kiti changu hakikunjuki, sitoki garini."

"Naelewa," Manbok alisema. Na kweli alielewa. Alikumbuka Okja akikunjuliwa kiti chake juu ya mistari ile ile.

"Hii mikono ndiyo miguu yangu, baba. Kwa mikono naendesha gari, kwa mikono nasukuma kiti. Sasa mmoja umevunjika. Sasa itabidi Pilho aache kazi kila siku ya hospitali ili anibebe. Tajiri wake ameshamwonya. Naye Pilho ameniambia tusipopata nafasi, mwisho wa mwezi tunahamia kwa mama yake kijijini."

"Na kule hospitali ya kusafisha damu iko mbali," Pilho alisema, akitazama sakafu. "Lakini nifanye nini? Nimwache aanguke tena?"

Chenza zilinukia mezani.

"Ndiyo maana nimekuja," Sukhi alisema. "Jumamosi kuna mkutano wa wakazi. Nataka kuomba nafasi ya tatu. Nikienda peke yangu, mwenyekiti ataniona mgeni mlalamishi. Lakini tukienda wawili, mimi na wewe, wote wenye kadi, watasikiliza. Utanisindikiza, baba?"

Manbok akaitikia: "Nitakuja."

"Asante! Chukua na kadi yako. Yako ni ya njano, siyo? Njano ni ya mlemavu anayeendesha mwenyewe. Nyeupe ni ya mlemavu anayeendeshwa na jamaa yake, na hiyo haifai kitu kama mlemavu mwenyewe hayumo garini."

"Ya njano," Manbok alisema.

Walipoondoka, alikwenda dirishani. Gari lake lilikuwa bado kilima cheupe. Chini ya theluji ile, kwenye kioo, ilikuwepo kadi ya Okja. Ilikuwa nyeupe.

Hakulifuta gari theluji. Hakuliwasha. Na kadi hakuthubutu kuitoa, gari lisilo na kadi pale lingepigwa faini. Usiku ule alisikiliza habari za hali ya hewa kwa makini kuliko mkulima.

*

Alhamisi ilikuwa siku ya kutenganisha taka. Wakazi walishuka na chupa, maboksi na makopo yao. Manbok alishuka na boksi moja akichechemea. Ha alikuwa anapanga chupa. Hakuinua kichwa, ila alisema chini chini:

"Kaka Tak, juzi ilikuwa mguu wa kushoto."

Manbok alitazama miguu yake. Alikuwa anaburuta wa kulia. Akaubadilisha, akaona aibu, akasimama tu.

"Unanicheka, Ha?"

"Sicheki. Mimi ndiye niliyempa yule dada maneno yako. Kwa mdomo wangu huu. Tangu juzi chakula hakinipandi."

Mara mwenyekiti wa wakazi akafika, Guk Chunsik, mwenye koti refu na viatu vinavyong'aa hata kwenye tope la theluji. Ha akarudi kwenye chupa zake. Mwenyekiti akamshika Manbok bega, akamvuta nyuma ya maboksi.

"Kaka Tak, nasikia yule mwanamke amekwenda kwako."

"Alikuja."

"Anataka nafasi ya tatu. Tukiichora, watu wawili watakosa pa kuegesha. Watanipigia kelele mimi, na uchaguzi uko karibu. Jumamosi wewe kaa kimya. Nafasi mbili, kadi mbili, mambo yametulia."

"Kadi yangu unaijua?"

Mwenyekiti alicheka kwa sauti ndogo. "Kaka, mimi ndiye niliyeleta shada la maua kwenye msiba wa mkeo. Nisijue? Usiogope. Hata yangu ni ya mama mkwe. Kwenye karatasi anakaa kwangu, kumbe yuko nyumba ya wazee kule mji wa Gangneung, gari langu hajaliona tangu alipoondoka. Nani anauliza? Wewe nifiche, mimi nikufiche. Au siyo?"

Akampiga bega mara mbili, akaenda zake.

Manbok alibaki na boksi lake. Maisha yake yote aliwachukia watu wa namna ile. Wanaojua mlango wa nyuma. Wanaokula kwa jina la mgonjwa. Alipombeba Okja kwenye mvua, aliwalaani kila hatua. Na sasa mmoja wao amemwita mwenzake. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakukosea.

*

Ijumaa jua lilitoka.

Manbok alikuwa kwa daktari wa meno. Alipokuwa kwenye kiti, mdomo wazi, aliona maji yanachuruzika kutoka paa la jirani. Alirudi haraka kadiri alivyoweza. Tangu asubuhi alikuwa amebeba blanketi kuukuu la Okja mkobani, ili theluji ikiyeyuka alifunike gari.

Alichelewa. Kioo kilikuwa kikavu, kinameta. Kadi nyeupe ilikaa pale peupe. Na mbele ya gari lake, kwenye theluji iliyolegea, palikuwa na alama mbili nyembamba za magurudumu. Zilikuja hadi karibu na kioo, zikasimama, zikageuka.

Alitandika blanketi juu ya kioo, ingawa hakujua tena analitandika kwa nini.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, kengele ililia. Ni Sukhi, Pilho nyuma yake. Uso wa Sukhi ulikuwa mtulivu.

"Uko tayari, baba? Kadi umechukua?"

Manbok alimtazama macho. Ameona? Hajaona? Hakuna kilichosomeka mle.

"Nimechukua," alisema. Kadi alikuwa ameitoa garini asubuhi, ilikuwa kwenye mfuko wa koti.

"Twende basi. Tutakwenda polepole, kwa ajili ya mguu wako."

Mkutano ulikuwa kwenye chumba cha wazee cha jengo lile, watu wamekaa sakafuni. Ha alisimama mlangoni. Mwenyekiti alikuwa na kipaza sauti, ingawa chumba kilikuwa kidogo. Alizungumza kuhusu mabomba. Alizungumza kuhusu rangi ya ukuta. Mwishowe akasema, "Kuna dada ana ombi."

Sukhi alisogea mbele. "Naitwa Yeom Sukhi. Wiki hii nimevunjika mkono kwa kukosa nafasi. Naomba mambo mawili. Ichorwe nafasi ya tatu. Ikishindikana, zile mbili zikaguliwe, tujue zinatumiwa na nani."

"Zikaguliwe!" mwanamke mmoja alisema. "Amehamia jana, leo anatukagua!"

"Na sisi tuegeshe wapi, juu ya miti?" mwingine akadakia. Watu wakacheka.

Pilho alikunja ngumi. Sukhi akamgusa goti kwa mkono wake mzima.

Mwenyekiti aliinua mkono. "Tusigombane. Dada, tunakuonea huruma sana. Lakini nafasi ziko mbili na kadi ziko mbili, zote halali. Wamiliki ni watu wazima, watu wenye shida zao. Mzee Tak yupo hapa, ni shahidi. Mzee Tak, hebu simama uwaambie."

Watu wote waligeuka. Manbok alisimama. Kutoka alipokaa hadi mbele palikuwa na hatua chache tu. Mwenyekiti alimtabasamia, kama mtu anayemfungulia rafiki mlango. Sukhi hakumtazama. Alitazama plasta yake.

Manbok akapiga moyo konde, akatembea hadi mbele. Alitembea kwa miguu yote miwili, sawasawa, kama fundi anayevuka gereji yake.

"Kumbe amepona!" mtu alinong'ona.

Aliitoa kadi mfukoni, akaiinua juu.

"Hii ni ya mke wangu, Bang Okja. Mnamjua. Alikuwa akiwapa kimchi nyie wote. Amekufa mwezi wa kumi. Mimi sina ugonjwa. Basi halikuniangukia. Huyu mama aliomba nimpishe, nikamtuma Ha amdanganye. Mkono wake nimeuvunja mimi."

Chumba kikawaka.

"Mzee mzima na mvi zake!"

"Na ule mguu? Mimi nilimwachia lifti juzi!"

"Aliuburuta kushoto, kesho yake kulia! Nikadhani ugonjwa unahama!"

Wengine walicheka, lakini siyo kicheko cha furaha. Pilho alikuwa amesimama. Ha aliacha mlango akaja kusimama karibu naye, pengine amzuie, pengine amtulize.

Manbok alingoja kelele zipungue. "Nitukaneni, ni haki yenu. Niliona ofisi imetunyanyasa mimi na Okja, kwa hiyo nikajilipa. Lakini ofisi haikupungukiwa na kitu. Aliyelipa ni yeye." Alimwonyesha Sukhi. "Jumatatu naipeleka kadi ofisi ya mtaa. Faini ikija nitalipa. Nafasi ile ni yake tangu leo."

Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, umesema kadi ziko mbili. Yangu nimeileta. Mama mkwe wako anakaa ghorofa ya ngapi?"

Mwenyekiti alikohoa kwenye kipaza sauti, kikapiga mluzi.

"Hayo ni mambo ya familia. Muda umekwisha. Mkutano umefungwa."

Nje, Pilho alimpita Manbok bila kumsemesha. Lakini Sukhi alisimamisha kiti.

"Niliiona jana," alisema. "Jua lilipotoka."

"Nilijua. Mbona hukusema? Mbona ulinifuata tena mlangoni?"

"Nilitaka kuona kama utaweza kuchechemea mbele yangu hadi pale mkutanoni. Uliweza." Akaushika mkono wake wenye plasta. "Sijakusamehe bado, baba. Mkono unauma. Lakini kurudi mahali pako umetembea vizuri."

*

Jumatatu Manbok alikwenda ofisi ya mtaa. Kijana wa dirishani aliipokea kadi bila kuinua macho, akaitupa kwenye droo.

"Unatakiwa kuirudisha mara tu mwenye kadi anapofariki, mzee."

"Na nyinyi mnatakiwa kuuliza lini?"

Kijana aliita mwingine. Faini ilikuja baadaye, nzito kama alivyotarajia, Manbok akailipa. Hiyo ofisi iliikumbuka.

Ghorofa ya tatu hawakuhama. Mwanzoni Pilho aliegesha kwenye nafasi ya buluu, akakikunjua kiti kwenye mistari ya mshazari, na Sukhi akashuka bila kubebwa. Plasta ilipotolewa akaanza tena kuendesha mwenyewe, na Pilho akarudi kwenye mizigo yake. Wakazi wawili waliokuwa wakitumia mistari ile kuweka baiskeli wameziondoa. Waliambiwa na Ha, kwa sauti kubwa, mchana kweupe. Mkataba wake unakwisha mwezi wa nne, naye anajua. Theluji ikianguka, mtu wa kwanza kushuka na koleo ni Manbok. Anasafisha mistari kwanza, ndipo njia.

Gari lake mwenyewe analiacha nyuma ya magari ya wenzake, gia huru. Majirani wanalisukuma asubuhi, wengine kwa hasira zaidi ya inavyohitajika. Yeye anaona ni sawa.

Nafasi ya pili bado ina gari jeusi linalong'aa. Watu wameshalipiga picha, wameshazipeleka kwa wahusika kupitia simu zao. Wahusika wamejibu kwamba wanashughulikia.

Juzi Manbok alikutana na mwenyekiti kwenye lifti, wawili tu. Mwenyekiti alitazama namba za ghorofa zikibadilika juu ya mlango. Manbok aliinama kwa heshima, kama anavyofanya kila wanapokutana.

"Shikamoo, mwenyekiti. Mama mkwe hajambo? Anakaa ghorofa ya ngapi?"